Shajara ya mradi: jinsi matone ya maji yanavyokula metali

Januari. Swali lenyewe

Tone la maji ni kitu laini. Likikuangukia mkononi hulisikii sana. Mradi huu unataka kujua linavyoweza kula metali, na kwa nini metali hukaa muda mrefu ikipigwa bila kupoteza chochote, kisha ikaanza kumeguka kwa kasi.

Swali limetoka Olkaria. Karakana yetu iko Nakuru, na baadhi ya wanafunzi wetu huenda kufanya mafunzo ya kazi kwenye mitambo ya jotoardhi kule karibu na Ziwa Naivasha. Wanarudi wakieleza mapanga ya safu ya mwisho ya turbaini, mashine inayozungushwa na mvuke, jinsi yanavyoonekana yakitolewa wakati wa matengenezo: karibu na ncha, ukingo wa mbele umeliwa, umekuwa meno meno, ilhali sehemu ya chini ya panga hilohilo, karibu na shafti, ni laini kama ilivyotoka kiwandani. Kutu ingelila kote. Mchanga ungeacha mikwaruzo. Kilichopita hapo ni maji, na yamechagua mahali.

Kwa nini pale Olkaria hasa? Mtambo wa kwanza, Olkaria I, ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981, na ulipokamilika mwaka 1985 ulikuwa na turbaini tatu za megawati 15 kila moja. Kinachotoka kisimani ni mchanganyiko wa maji na mvuke. Maji hutenganishwa, mvuke hupelekwa kwenye turbaini, lakini mvuke huo unafika ukiwa kwenye mpaka wa kugeuka kuwa maji. Kituo kinachochoma makaa au gesi huupasha mvuke joto la ziada, kwa hiyo unapita safu nyingi ukiwa mkavu. Mvuke wa jotoardhi hauna akiba hiyo. Ukianza tu kutanuka na kufanya kazi, sehemu yake inakuwa maji, na kufikia safu ya mwisho umebeba maji mengi.

Ukungu unaozaliwa moja kwa moja ndani ya mvuke si mbaya sana. Chembe zake ni ndogo kuliko sehemu ya elfu moja ya milimita, na zinafuata mkondo wa mvuke bila ubishi. Shida huanza zinapotua kwenye mapanga yaliyosimama, yale yanayouelekeza mvuke. Pale hukusanyika zikawa utando mwembamba wa maji, utando unasukumwa hadi ukingo wa nyuma wa panga, na mvuke unaurarua kuwa matone makubwa, mengine yenye upana wa sehemu ya kumi ya milimita na zaidi. Matone haya ni mazito, hayawahi kupata kasi ya mvuke kabla ya kukutana na panga linalozunguka. Mwendesha bodaboda anaijua hali hii: mvua inanyesha wima, yeye anaipokea kifuani. Kwa panga ni vivyo hivyo, panga ndilo linalolifuata tone. Na kwa kuwa ncha ndiyo inayokwenda kasi kuliko sehemu nyingine yoyote, ncha ndiyo inayoliwa.

Februari. Hesabu kabla ya kukata chuma

Nimewakataza vijana wasiguse grainda mpaka hesabu ikae sawa, kwa sababu hesabu ndiyo inayotuambia kama mashine ya karakana inaweza kutuonyesha chochote.

Maji yanayotiririka kwa mfululizo yakigonga ukuta, shinikizo lake ni nusu ya densiti mara kasi mara kasi. Kwa mita 120 kwa sekunde, kasi tunayotarajia kwenye mashine yetu, tunapata megapaskali (kipimo cha shinikizo) 7 na kidogo. Hakuna metali ya maana inayotishwa na megapaskali 7. Mtu akiishia hapo atasema maji hayawezi kula hata alumini.

Lakini tone linapogusa uso mara ya kwanza halitiririki. Maji yaliyo kwenye sehemu ya mguso hayana pa kwenda, maana ukingo wa mguso unatanuka kwa kasi kuliko sauti inavyosafiri majini, kwa hiyo habari kwamba kuna nafasi pembeni haijawafikia. Kwa muda huo mfupi maji yanabanwa kama kitu kigumu, na shinikizo linakuwa densiti mara kasi ya sauti ndani ya maji mara kasi ya tone. Hili ndilo pigo linalosikika kwenye mabomba mtu anapofunga valvu ghafla. S. S. Cook, aliyefanya kazi na Charles Parsons, baba wa turbaini ya mvuke, alilihusisha na ulikaji wa metali katika makala yake ya mwaka 1928. Tuweke namba: 1000 mara 1480 mara 120. Jibu ni karibu megapaskali 178. Ukiongeza kwamba sauti huenda kasi zaidi katika maji yaliyobanwa, unavuka 200. Kwenye ukingo wa mguso, kabla tu maji hayajapata njia ya kutoroka, huweza kupanda zaidi ya hapo, na mtafiti Frank Heymann alieleza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwamba hapo shinikizo linaweza kukaribia mara tatu ya hesabu hiyo.

Kutoka 7 hadi 200. Nimeandika namba hizi mbili kwa chaki juu ya ubao na nimekataza zisifutwe.

Pigo hilo ni fupi kupita kiasi. Kwa tone la milimita 1, hatua ya mbano inamalizika baada ya takriban nanosekunde 14, na eneo lililopigwa lina upana usiofika hata sehemu ya kumi ya milimita. Mara tu mbano unapofunguka, maji yanachomoka pembeni yakilamba uso kwa kasi inayozidi kasi ya tone lenyewe mara kadhaa. Kwenye uso laini mkondo huo hauna cha kushika. Kwenye uso wenye vijishimo, unagonga kila ukingo uliojitokeza. Naomba msomaji ashike jambo hili, kwa sababu tutalirudia mbele.

Alumini safi iliyolainishwa huanza kubonyea kabisa, bila kurudi, kwenye megapaskali 30 hadi 40. Chuma cha pua cha kawaida, kile cha masinki na sufuria nzuri, huvumilia kama 200. Kwa hiyo kwa kasi yetu alumini lazima iumie, na chuma cha pua kitakuwa ukingoni. Mashine inafaa kujengwa.

Machi. Mashine

Tumetumia mota ya umeme wa awamu tatu, mizunguko 2850 kwa dakika, ikiwa imesimama wima. Juu ya shafti kuna mkono wa chuma unaozunguka ulalo, na vipande vya majaribio vimefungwa kwenye ncha zake mbili, sentimita 40 kutoka katikati. Hapo ndipo mita 120 kwa sekunde zinapotoka. Yote yamo ndani ya sanduku la bamba nene la chuma lenye tundu la kuchungulia, na swichi iko nje ya chumba.

Nitasema wazi kuhusu usalama kwa sababu nimeona watu wakidharau vitu vinavyozunguka. Kipande cha gramu 10 kwenye ncha ya mkono huu kinavuta boliti yake kana kwamba kimebeba mzigo wa kilo 36. Boliti ikikatika, kipande kinaruka kwa kasi ya mita 120 kwa sekunde. Hakuna aliyeruhusiwa kuwasha mashine kabla ya sanduku kufungwa, nami nikiwemo.

Mkono lazima uwe na mizani sawa, la sivyo beringi zinalia na sanduku zima linatetemeka. Kwa hiyo vipande vya ncha mbili ni vya metali ileile na vimesawazishwa uzito. Hili limetupa faida: kipande kimoja tunakitoa na kukipima kila mara, na mwenzake tunampeleka kwenye hadubini.

Matone yenyewe yanatoka kwenye sindano ya hospitali ya kitako cha kijani, ambayo tundu lake lina upana wa nusu milimita. Tumekata ncha yake iwe bapa na kuisugua kwa msasa laini. Maji yaliyochujwa yanashuka kutoka kwenye tangi lililo juu ya paa la stoo. Yakitoka kwenye sindano ni uzi mwembamba, na uzi wa maji haupendi kubaki uzi. Mwanafizikia Lord Rayleigh alionyesha mwaka 1878 kwamba hujikatakata wenyewe, na upana wa matone hukaribia mara 1.9 ya upana wa uzi. Nusu milimita inatupa matone ya karibu milimita 1. Sentimita 5 hivi chini ya sindano uzi umeshakatika, na ukimulika kwa taa ya kumetameta unayaona matone yamejipanga, moja chini ya jingine, umbali wa milimita 2 na kitu.

Kilichotusumbua zaidi ni upepo. Mkono unazungusha hewa yote iliyomo sandukuni, na hewa hiyo iliyapeperusha matone yakawa yanapiga kila mahali. Maabara kubwa humaliza tatizo hili kwa kufyonza hewa. Kwenye mashine ya Chuo Kikuu cha Concordia kule Montreal, kwa mfano, vipande huzungushwa hadi mita 500 kwa sekunde ndani ya chumba chenye hewa kidogo sana. Sisi hatuna pampu ya ombwe ya ukubwa huo. Tumeuweka mkondo wa matone ndani ya bomba la plastiki linaloishia juu kidogo ya njia ya mkono, tukaweka vibati ndani ya sanduku vya kuvunja mzunguko wa hewa, na tukatoboa mifereji mipana chini ili maji yasibaki yakageuka ukungu. Sasa alama ya mapigo kwenye kipande ni mstari mmoja wa wima, mwembamba, unaorudi palepale kila mara. Kwangu huo ndio ushindi wa mwezi.

Kila mkono unapopita, uso wa kipande wenye kimo cha milimita 10 unakutana na matone kama manne. Kwa saa moja ni zaidi ya mapigo laki sita na nusu.

Aprili. Alumini, na mizani isiyosema kitu

Tumeanza na alumini safi, iliyong'arishwa kwa msasa wa ngazi zote mpaka unajiona uso. Mizani ni ya wenzetu wa kemia, inasoma hadi sehemu ya kumi ya miligramu.

Vipimo vya kwanza vilikuwa vilevile. Kipande kinatolewa, kinakaushwa, kinapimwa, namba haijasogea.

"Mwalimu, haijapungua hata kidogo," aliniambia kijana aliyekuwa zamu. "Tuongeze maji?"

"Tusiongeze kitu. Lete mwenzake kwenye hadubini."

Pale chini ya lenzi kulikuwa na habari nyingine kabisa. Kwa macho matupu mstari wa mapigo ulikuwa umefifia tu, kama mahali palipoguswa na pumzi. Kwenye hadubini, uso uliokuwa bapa ulikuwa umejaa mabonde ya kina kidogo, mapana kuliko marefu kwenda chini. Baina ya mabonde, mipaka ya chembe za metali ilikuwa imeanza kuonekana kama matuta membamba, chembe moja imezama, jirani yake imeinuka. Hakuna kilichotoka. Metali imesukumwa tu, imekandwa, imehamishwa kutoka hapa kwenda pale, kwa hiyo mizani ilisema kweli kwamba uzito ni uleule.

Tunasema bandu bandu huisha gogo, na wengi huja na picha hiyo: kila tone linabandua chembe, na chembe zikiwa nyingi panga linaisha. Nimeona sasa kwamba picha hiyo haifai katika hatua hii. Gogo linapungua tangu shoka la kwanza. Alumini hii ilipokea mapigo mengi mno bila kutoa hata chembe, na muda wote huo ilikuwa ikiharibika. Kila pigo linaibonyeza zaidi ya uwezo wake wa kurudi, inakuwa ngumu kidogo, inapoteza unyumbufu, na nyufa ndogo zinaanza chini ya matuta yale. Huu ni uchovu wa metali, uleule unaovunja shafti na springi, ila umejikusanya kwenye ngozi.

Kwa mhandisi wa matengenezo hili ni jambo zito. Panga linaweza kupimwa uzito na umbo, likapita vipimo vyote, huku ngozi yake ikiwa karibu kuanza kuachia.

Mei. Inaanza kuachia

Namba ilisogea. Kidogo kwanza, kisha mizani ikaanza kushuka kila tulipopima, na kila mara kwa kiasi kikubwa kuliko kilichotangulia, ilhali hatukubadilisha kasi, wala sindano, wala maji.

Hapa ndipo ule mkondo wa pembeni unapoingia. Ufa wa kwanza ukishaungana na ufa wa pili, kipande cha metali kinang'oka na kuacha shimo lenye kingo kali. Tone linalofuata likitua karibu, maji yanayochomoka pembeni yanakutana na ukingo huo na kuupiga ubavuni. Tone likitua ndani ya shimo, maji yanabanwa kwenye kuta zake na kufungua nyufa zaidi chini. Shimo moja linazaa mengine pembeni yake. Kwenye hadubini tuliona mashimo yaliyochimbwa kuingia chini ya uso, paa lake likiwa bado limesimama, jembamba kama karatasi. Ukiligusa kwa sindano linaanguka. Mstari wetu wa wima umekuwa mtaro.

Baadaye kasi ya kupungua ilitulia, kisha ikalegea. Wanafunzi walidhani sindano imeziba. Tuliikagua, haikuziba. Maelezo yake yanakubalika: mtaro ukiwa na kina, unabaki na maji ndani kati ya pigo na pigo, na maji hayo yanakuwa kama godoro linalopokea tone linalofuata. Wataalamu huigawa safari hii katika hatua: kimya, kuongezeka, kilele, kupungua, na mwendo wa kudumu. Kiwango cha majaribio cha Marekani, ASTM G73, kinasisitiza uchore mkunjo mzima, yaani mstari unaoonyesha uzito ukipotea kadiri mapigo yanavyoongezeka, badala ya kutaja namba moja ya uzito uliopotea. Sasa naelewa kwa nini. Namba moja inaweza kutoka kwenye hatua yoyote, na haikuambii ni ipi.

Chuma cha kawaida tumekiacha nje ya mradi. Kinashika kutu usiku kucha, na kutu inaongeza uzito huku mapigo yakiupunguza.

Juni. Kasi

Tumepata invata ya kupunguza mizunguko ya mota. Tumeshusha hadi mita 96 kwa sekunde, asilimia 80 ya kasi ya mwanzo, kwa vipande vipya vya alumini ileile. Mkunjo tunauchora kwa idadi ya mapigo, si kwa saa, maana mkono ukizunguka polepole unakutana na matone machache zaidi kwa saa moja.

Kanuni inayotumika sana ni kwamba kasi ya ulikaji hupanda na kasi ya mgongano ikiwa imezidishwa kwa yenyewe mara nne hadi sita, na kwa metali nyingi watu huchukua tano. Idadi hiyo ndiyo huitwa kipeo. Kwa tano, asilimia 80 ya kasi inakupa thuluthi moja tu ya ulikaji. Vipande vyetu vimekaa kimya muda mrefu zaidi kwa dhahiri, na mkunjo ulipoanza kupanda ulipanda kwa ulegevu. Sitatoa kipeo chetu wenyewe kutokana na kasi mbili pekee, lakini mwelekeo unakubaliana na kanuni.

Geuza hesabu kuelekea juu sasa. Panga ambalo ncha yake iko mita 1 kutoka katikati ya shafti, kwenye mtambo wa mizunguko 3000 kwa dakika kama inavyotakiwa na umeme wetu wa hezi 50, linakata mita 314 kwa sekunde. Kwa kipeo cha tano, hiyo ni mara 120 hivi ya ulikaji wa mashine yetu, kama vingine vyote vingekuwa sawa. Havilingani, kwa sababu matone ya turbaini ni madogo kuliko yetu na chuma chake ni kigumu kuliko alumini. Hata hivyo namba hiyo inaeleza kwa nini ncha inaliwa na shina linabaki salama kwenye panga moja. Inaeleza pia kwa nini wabunifu huongeza nafasi kati ya mapanga yaliyosimama na yanayozunguka: tone likipewa safari ndefu zaidi, mvuke unalisukuma na kulivunja, na tofauti ya kasi inapungua. Ukipunguza tofauti hiyo kidogo tu, umeokoa mengi. Kwenye mitambo mingine hutoboa mianya kwenye mapanga yaliyosimama ili kufyonza utando wa maji kabla haujararuliwa. Mimi napenda njia hii kuliko zote, kwa sababu inaondoa tone lenyewe badala ya kulitafutia ngao.

Chuma cha pua tumekizungusha kwa kasi kamili mwezi mzima. Uzito haujasogea. Kwa niliyoona Aprili, siandiki kwamba kimeshinda. Kwenye hadubini mng'aro umeanza kufifia, na mistari midogo sambamba imetokea ndani ya baadhi ya chembe, dalili kwamba metali imeanza kuteleza ndani kwa ndani.

Julai. Kinachofuata

Fundi wa kuchomelea ametuletea kipande chenye tabaka la Stellite 6, aloi ya kobalti yenye kromi karibu asilimia 28, pamoja na tungsteni na kaboni kidogo. Ndiyo inayowekwa kama ngao kwenye kingo za mapanga mengi ya safu ya mwisho. Vijana walitarajia iwe ngumu kupita vyuma vyote, na wameshangaa kuona kwamba chuma cha patasi kilichotiwa ugumu kwa moto kinaishinda kwa ugumu. Nguvu ya Stellite iko kwingine: kobalti yake ikipigwa hubadili mpangilio wa atomi zake, na badiliko hilo linakula nishati ya pigo ambayo ingefungua ufa. Ndiyo maana tutapima ugumu wa kila metali kabla ya kuizungusha, kisha tuweke ugumu na urefu wa kipindi cha kimya kwenye mchoro mmoja, tuone kama vinafuatana au la.

Kwa kasi tuliyo nayo Stellite haitaonyesha lolote, hilo nalijua kabla ya kuwasha. Mkono mpya unachorwa sasa, mrefu zaidi na mwembamba kuelekea ncha, pamoja na sanduku zito zaidi na mkanda wa kuongeza mizunguko. Nguvu kwenye boliti itapanda kwa mraba wa mizunguko, kwa hiyo boliti za sasa hazitatumika. Chuma cha pua kinabaki kwenye mashine ya zamani, na kila Ijumaa mwenzake anakwenda hadubini hata kama mizani haijasema kitu.